Mshikaji wa Rangi ya Fizi

Kazi yangu ni kutengeneza meno. Siyang'oi wala siyazibi. Hayo ni ya daktari wa chumba cha mbele, mwenye koti jeupe na wagonjwa wanaomwogopa. Mimi niko chumba cha nyuma, kati ya sinki na dirisha lisilofunguka, na wengi wanaotibiwa pale hawajui kama nipo. Naletewa chapa ya taya, naijaza plasta, nachonga nta, napika, nasugua, na baada ya siku nne tano mtu anatoka mlangoni akitabasamu kwa meno yaliyokuwa kwenye kiganja changu asubuhi ile. Nimefanya hivyo kwa miaka thelathini na moja. Mtaani wananiita Fundi Meno, na nashukuru hawaniombi nicheke, kwa sababu yangu mawili ya mbele yamepishana kama watu waliogombana, na sijawahi kupata wasaa wa kujihudumia.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba mikono yangu inafanya kazi. Yanayofuata yanaweza kumfanya mtu atilie shaka.

Siku za Jumamosi narusha ndege. Si zile zinazoongozwa kwa redio, ambazo mwenyewe anasimama kivulini akibonyeza vitufe. Yangu ni ya waya. Ina injini ndogo inayoenea kwenye kikombe cha chai lakini yenye kelele za pikipiki tatu, ina mabawa ya mbao nyepesi niliyoyavika karatasi na kuyapaka rangi, na ina nyaya mbili nyembamba za chuma zenye urefu wa hatua ishirini na tano hivi. Nyaya hizo zinaishia kwenye mpini ninaoushika mimi, nikiwa nimesimama katikati ya uwanja. Ndege inanizunguka, nami nageuka nayo kama mtu aliyepoteza kitu kila upande. Nikiulaza mpini nyuma, kibawa kidogo cha mkiani kinainuka na ndege inapanda. Nikiulaza mbele, inashuka. Basi. Mtu mzima mwenye mvi anazunguka pale pale kwa dakika sita, mafuta yanaisha, ndege inatua, naye anakwenda kukaa kwenye nyasi mpaka dunia itulie.

Mchezo huu una ugumu mmoja. Injini huwashwa ndege ikiwa chini, pembeni mwa uwanja, na ikishawaka inataka kuondoka papo hapo. Mrushaji naye anatakiwa awe kule katikati, ameshika mpini. Hawezi kuwa mahali pawili. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuishika ndege mkiani mpaka mwenyewe afike katikati na kuinua mkono. Kwa miaka kumi na tisa mtu huyo alikuwa mke wangu.

Mke wangu ni mkunga. Mikono yake imepokea watoto zaidi ya elfu mbili, na kitu alichokishika hakiponyoki. Alikuwa anapiga magoti kwenye nyasi, anaushika mkia kwa mikono miwili, anafumba jicho moja kwa sababu ya upepo wa pangaboi la puani, na anasubiri. Nikiinua mkono, anaachia. Halafu anakwenda zake kwenye kiti chake cha kukunja na kusoma gazeti mpaka nimalize. Sikumbuki kama nilimshukuru. Nadhani mwaka wa kwanza nilimshukuru.

Siku moja tulikuwa tunakunja nguo sebuleni, akaniambia kwamba kuanzia wiki ile hatakuja uwanjani. Magoti yalikuwa yamechoka. Daktari wake alikuwa amemshauri aingie kwenye maji, na chuo cha jirani kina bwawa ambalo Jumamosi asubuhi hufunguliwa kwa akina mama wa umri wake, na yeye ameshajiandikisha.

Nilikuwa na nafasi ya kusema mambo mengi ya kiungwana. Ningeweza kumpa pole. Ningeweza kuuliza yanauma tangu lini. Badala yake nilishika ncha ya shuka na kusema:

"Hakuna shida. Kwani kushika ndege ni kazi?"

Akanitazama kidogo, akavuta upande wake wa shuka likanyooka.

"Si kazi," akasema. "Ni kushika tu."

Wiki hiyo nilimwomba shemeji yangu, mdogo wake. Shemeji ni mkata vioo, mtu anayebeba kioo kirefu kuliko yeye sokoni kwenye watu wengi bila kukigonga popote, na mimi nikajiambia kwamba mkono wa namna hiyo ndio hasa ninaoutaka. Nilimweleza mara tatu: ashike, asiachie mpaka niinue mkono. Alitikisa kichwa kwa makini. Nikawasha injini, nikamkabidhi mkia, naye akaushika kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa sufuria ya moto. Nikaanza kutembea kuelekea katikati.

Nilikuwa nimepiga hatua kumi na mbili, mgongo wangu ukiwa upande wake, niliposikia sauti ya injini imebadilika. Ndege ilinipita usawa wa nyonga. Ikachukua kona mbele yangu, ikarudi, ikapita tena nyuma yangu, na katika safari ya tatu nyaya zilikuwa zimenifunga miguu barabara. Nilianguka kifudifudi. Ndege nayo ilianguka, kwa sababu ilikuwa imefungwa kwangu, na pangaboi lilivunjika kwenye jiwe pekee lililokuwa uwanjani.

Shemeji alikuja mbio, akaanza kunifungua. Nilimuuliza kwa nini aliachia.

"Shemeji," akasema, "ilikuwa inataka kwenda."

Sikumwita tena. Nilimfikiria jirani yetu wa kushoto, lakini yule akiulizwa saa ngapi huanza kwa kueleza alivyoipata hiyo saa, na tanki langu ni la dakika sita tu. Nilifikiria vijana wa kliniki, nikaona aibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshasema kushika si kazi, na mtu aliyesema hivyo hawezi kuzunguka mtaa mzima akitafuta wa kushika. Nikaamua kutengeneza kifaa. Kitu cha kushika mkia peke yake, chenye kamba ndefu inayofika katikati, nami nikishachukua mpini naivuta kamba, kifaa kinaachia, ndege inaondoka. Nilimweleza mke wangu wakati wa chakula, nikachora kwa kidole mezani. Aliuliza kama kina jina. Nikasema kwa haraka, bila kufikiri, kwamba kitaitwa Mshikaji.

"Basi umepata mshikaji," akasema, na akaendelea kula.

Tangu siku hiyo kifaa hakikuwa kifaa tena nyumbani kwetu. Alikuwa mtu. Nikichelewa kurudi kutoka kazini anauliza kama nilikuwa na mshikaji wangu. Nikinuna, anauliza kama tumekosana.

Mshikaji wa kwanza alikuwa kipande cha ubao chenye matofali mawili juu yake. Mbele ya ubao nilitengeneza kishikio chenye tundu, na ndani ya tundu pini, na pini inapita kwenye kitanzi cha waya nilichokifunga chini ya mkia wa ndege. Kishikio nilikimimina kazini kwa dawa ile ile ninayotengenezea fizi za meno ya bandia, kwa kuwa ndiyo ninayoijua, inashika umbo vizuri na haivunjiki ovyo. Ila dawa hiyo inakuja kwa rangi moja tu. Kwa hiyo Mshikaji alitoka na rangi ya fizi, waridi yenye afya, imesuguliwa mpaka inang'aa. Nilipomweka chini uwanjani, mlinzi wa uwanja, mzee mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, alikuja kumtazama kwa muda mrefu. Akaniuliza kama ni fizi za mtu fulani.

Nilimwambia ni mtambo. Nikawasha injini, nikahakikisha pini imekaa, nikaondoka kwa hatua za mtu aliyekamilisha jambo. Nyuma yangu nikasikia tofali likianguka. Halafu la pili. Kugeuka, nikaona ndege inatembea kwenye nyasi polepole kama inakwenda dukani, ikivuta ubao wake, na mlinzi anatembea pembeni yake kwa adabu akiwa hajui kama anaruhusiwa kuizuia. Nilikuwa nimepima uzito wa ndege. Nguvu ya kuvuta sikuipima. Uzito ninao uzoefu nao, meno hayavuti.

Wa pili nilimpa nguzo. Niliomba chuma kwa fundi wa mageti, nikakipigilia ardhini kwa nyundo mpaka kikabaki kiasi cha shubiri mbili, na kishikio cha rangi ya fizi nikakifunga juu yake kwa skrubu nne. Huyu hakuna wa kumng'oa. Niliwasha injini, ndege ikavuta, nguzo haikutikisika hata kidogo, na mimi nikafika katikati nikiwa nimepumua vizuri. Nikachukua mpini. Nikaikaza mikono. Nikavuta kamba.

Haikutokea kitu. Nikavuta tena. Ndege ilikuwa inavuta kwa nguvu zake zote, na kwa sababu inavuta, kitanzi kilikuwa kimeibana pini, na kadiri injini ilivyopaza sauti ndivyo pini ilivyozidi kukwama. Niliweka mguu mmoja mbele kama watu wa kuvuta kamba mashindanoni. Mlinzi alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha kukunja cha mke wangu, ambacho niliendelea kwenda nacho bila sababu, na akanipungia mkono kunitia moyo. Nilivuta kwa uzito wangu wote, ambao si haba, na kamba ikakatika. Nikakaa chini kwa kishindo, nikiwa na mpini mkono mmoja na kipande cha kamba mkono mwingine. Nilibaki nimekaa hivyo mpaka mafuta yakaisha. Ilichukua dakika tano na zaidi. Sijawahi kuiona injini yangu ikifanya kazi vizuri kama siku ile.

Baada ya hapo nikahamia kwenye baraza ya nyumba. Kila jioni nikirudi kazini, kabla jua halijazama, nilimfunga Mshikaji kwenye nguzo ya baraza, nikaning'iniza ndoo ya maji badala ya ndege, nikajaribu kuchomoa pini. Niliipaka pini mafuta. Niliipaka nta. Niliinyoosha, nikaifanya nyembamba, nikaifanya ya mviringo zaidi. Mara ndoo iligoma, mara iliniangukia mguuni. Mke wangu alinipita akienda na kurudi, nywele zake zikinuka dawa ya bwawa, maana alikuwa ameanza kwenda na Jumatano. Wiki mbili zikapita hivyo.

Jioni moja alitoka jikoni na kopo la kakao ambalo kifuniko chake kilikuwa kimeshikamana, akaja kuketi kwenye ngazi. Akaangalia ninavyovuta. Akauliza kwa upole kwa nini navuta pale pale panapobana.

Nikamweleza kwamba pini lazima itoke pale ilipo, kwa kuwa ndipo ilipo.

"Vuta mbali na hapo," akasema. Akaingiza mpini wa kijiko chini ya ukingo wa kifuniko, akabonyeza ncha ya mbali kwa kidole kimoja. Kifuniko kikaruka.

Nilibaki nimekitazama kile kijiko. Mkono mfupi upande wa kubana, mkono mrefu upande wa kuvuta. Kwa miaka thelathini na moja nimefungua maelfu ya vikasha vya plasta kwa njia hiyo hiyo, kila siku, asubuhi na mchana.

"Nilikuwa karibu kufika hapo," nikamwambia.

"Najua," akasema, akachukua kopo lake akaingia ndani.

Mshikaji wa tatu, basi, hakuwa na pini. Alikuwa na ulimi wa chuma uliozunguka kwenye skrubu. Ncha yake fupi ilipindwa kama kidole na kushika kitanzi cha mkia. Ncha ndefu ilisimama wima na kufungwa kamba. Nilining'iniza ndoo, nikavuta kwa vidole viwili, ndoo ikaanguka. Nikaijaza pomoni, ikaanguka. Nikaongeza ndoo ya pili. Baraza yote ililowa na jirani wa kushoto akachungulia juu ya ukuta kuuliza kama bomba limepasuka. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilimweleza habari yote, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane, yeye ndiye aliyeaga mapema.

Jumamosi hiyo nilioga, nikanyoa ndevu, nikavaa shati lenye kola. Mke wangu alikuwa ameondoka na mfuko wake wa taulo. Uwanjani nilipigilia nguzo, nikafunga kishikio, nikatandaza nyaya, nikalaza kamba kando yake, nikajaza tanki. Mlinzi alikuja na chai yake. Injini ilikubali nilipoizungusha mara ya pili tu. Nikatembea kwenda katikati nikiwa nimegeuza shingo nyuma njia nzima, si kwa woga, ila kwa kumtazama Mshikaji wangu. Ndege ilikuwa inatetemeka yote, yeye ametulia na rangi yake ya fizi. Niliokota mpini bila kuutazama, nikavaa kitanzi cha usalama mkononi. Nikaokota kamba kwa mkono wa kushoto. Nikavuta.

Ulimi uliachia kama mtu anayealisha vidole. Ndege ikatoka mbio kwenye nyasi, gurudumu likainuka, nami peke yangu, bila mtu, bila msaada wa yeyote duniani, nikaulaza mpini nyuma taratibu ili ipande.

Ikaelekeza pua chini na kujipigilia ardhini.

Nasema kujipigilia kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mabawa yaliendelea mbele kidogo, kiwiliwili kikabaki. Injini ilikuwa imezama ndani ya udongo mpaka shingoni. Mlinzi alikuja, akavua kofia yake ya sufu, ambayo sikuwahi kuiona ikivuliwa, akasimama nami pale. Mshikaji alikuwa nyuma yetu, mzima, hana hata mkwaruzo.

Niliutazama mpini mkononi mwangu. Ulikuwa juu chini. Waya uliotakiwa kuwa juu ulikuwa chini, kwa hiyo nilipoiambia ndege panda, ilisikia shuka, na ikatii.

Nilifika nyumbani nikiwa nimeshatunga maelezo. Nilipanga kusema upepo. Upepo ni kitu ambacho hakiulizwi maswali. Mke wangu alikuwa amerudi, amekaa na miguu kwenye stuli, anakausha nywele kwa taulo. Niliweka boksi la vipande mezani nikamwambia kwamba kifaa kilifanya kazi barabara, ila kulikuwa na upepo mbaya wa ghafla, wa aina ile inayotoka upande.

Alitazama ndani ya boksi. Akachukua kipande cha pua, akakigeuza.

"Uligeuza mpini," akasema.

Nikamuuliza amejuaje.

Akanieleza kama mtu anayeeleza mahali pa kuweka chumvi. Alisema mimi nina kawaida ya kuokota mpini bila kuutazama. Nikishaushika huuchezesha mbele nyuma kabla sijainua mkono, pengine sijui mwenyewe kama nafanya hivyo, na yeye akiwa amepiga magoti kule alikuwa anakitazama kibawa cha mkiani. Kikienda kinyume na mkono wangu, anautoa mkono wake mmoja hewani na kuupindua kiganja. Nami naupindua mpini. Kisha nainua mkono, naye anaachia.

Nilikumbuka. Nilimkumbuka kabisa, mkono mmoja juu, kiganja kinageuka, na mimi kila mara nikidhani anapumzisha kifundo cha mkono. Wala sikumbuki kuupindua mpini. Inaonekana mkono wangu ulikuwa umeelewana na wa kwake muda wote huo na hakuna aliyenishirikisha.

Nikamuuliza ilitokea mara ngapi.

"Sikuhesabu," akasema. "Mwanzoni mara nyingi. Siku hizi kama mara moja kwa mwezi."

"Mbona hukuniambia?"

Akafikiri kidogo. "Nilikuambia, mwaka ule wa kwanza. Ukasema mimi kazi yangu ni kushika tu."

Hilo silikumbuki, lakini silikatai. Lina sauti yangu.

Basi nikafanya kile nilichopaswa kufanya siku ile ya kukunja shuka. Nilimwambia asante, na nikamuuliza magoti yanaendeleaje. Akasema yanaendelea vizuri, anaweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, na Jumamosi ile alikuwa ameogelea upana wote wa bwawa bila kusimama. Nilikuwa sijui kama anafika hata nusu. Tulikaa tukazungumzia bwawa mpaka chai ikapoa. Alinieleza juu ya mwalimu wao anayepiga filimbi, na mama mmoja anayeingia majini na miwani yake ya kusomea. Nilicheka mpaka nikasahau boksi.

Ndege niliijenga upya kwa wiki sita. Mpini niliupaka alama nyekundu upande wa juu kwa rangi ya kucha, na kwenye kifuniko cha boksi nikaandika kwa herufi kubwa: TAZAMA MPINI. Nilirudi uwanjani peke yangu, nikatazama mpini, nikautazama tena, nikavuta kamba, na ndege ikapanda. Nilizunguka dakika sita. Ikatua. Mlinzi alipiga makofi mara tatu. Nikakaa kwenye nyasi nikisubiri dunia itulie, na nilikuwa nimeridhika, sitasema uongo, ingawa nilijikuta natazama kile kiti.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo bwawa lilifungwa kwa kubadilishwa maji. Mke wangu akasema atanisindikiza. Njiani nilifurahi moyoni kwamba nitashikiwa ndege na mtu, na nikapanga kumwambia, kwa unyenyekevu, kwamba leo Mshikaji anaweza kupumzika. Nilimletea kifuko cha mchanga cha kuweka chini ya magoti. Nilipompa, alikitazama akanirudishia.

"Si una kifaa cha kushika?"

Nikasema ninacho.

"Basi acha kishike. Mimi nirushe."

Ningependa kusema nilijibu mara moja. Nilisimama na kile kifuko kama mtu anayembeba mtoto wa jirani. Katika miaka kumi na tisa ya kuwaza ndege, mafuta, mabawa, nyaya na upepo, wazo hilo halikuwahi kupita hata mlangoni. Nilianza kumpa maelekezo. Nilimwambia mkono unyooshwe, macho yasiache ndege, asitazame chini, mpini ulazwe kidogo sana, kidogo kuliko anavyodhani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa subira ile anayowapa akina baba wanaosubiri nje ya chumba cha kujifungulia. Kisha akavua viatu, akaenda katikati.

Niliifunga ndege kwenye ulimi wa Mshikaji, nikawasha injini, nikasogea hadi kwenye uzio alipokuwa mlinzi. Mke wangu aliokota mpini, akaitazama alama, akauchezesha mbele nyuma, akatazama mkia. Akavuta kamba.

Ndege ilipanda mpaka usawa wa mabega ikakaa hapo kama iliyowekwa kwenye rafu. Mimi napanda na kushuka kidogo kila mzunguko. Huwa nasema ni hewa. Yeye alikuwa hapandi wala hashuki. Nilipiga kelele za maelekezo mengine mawili matatu, lakini injini ilikuwa na sauti kubwa kuliko yangu, na baada ya mizunguko minne nikanyamaza kwa kuwa mlinzi alikuwa ananitazama kwa huruma. Sikuwa na cha kushika. Nilishika uzio.

Kwenye mzunguko wa thelathini na kitu aliipandisha, juu kabisa ya kichwa chake, ikapita na kushuka upande wa pili. Jambo hilo mimi nilijaribu mara moja miaka minane iliyopita na sikurudia. Mafuta yalipoisha aliileta chini, ikagusa nyasi, ikatembea, ikasimama. Hakwenda kukaa. Aliweka mpini chini akaja moja kwa moja, bila kuyumba, akifuta mikono kwenye sketi.

Nilimuuliza kama hajasikia kizunguzungu. Alisema hapana. Uso wake uling'aa kidogo kwa jasho na alikuwa anatabasamu peke yake, na alichokuwa nacho cha kusema hakikuwa juu ya ndege.

"Kumbe pale katikati hakuna moshi," akasema. "Hakuna mafuta ya kukurukia machoni. Kumetulia kabisa."

Nikasema ndiyo, kumetulia.

"Miaka kumi na tisa," akasema, akacheka, na akaniomba nijaze tanki tena.

Sasa anataka ndege yake mwenyewe. Ya kwangu ni nzito mkiani, anasema, na mabawa yake ni mafupi. Ameichora nyuma ya karatasi ya kliniki, na vipimo vyote ameandika pembeni kwa mwandiko wake ule wa kujaza kadi za watoto. Nimeanza kuichonga kwenye baraza. Niko kwenye bawa la kulia bado, kwa sababu amelikagua mara mbili kwa kulipitisha kidole ukingoni, na mara zote mbili amenirudishia.